Ati mimi nauzisha watoto

Leo jirani yangu alitaka kuniua na mudomo.

Munajua kazi yangu: niko na biro, ofisi yenye kutayarisha dosye, zile karatasi za yatima wenye kuenda kulelewa na wazazi wapya wa ngambo. Kila siku nawaambia wale wazazi: muvumilie.

Kumbe na mimi navumilia. Neema, mutoto wa marehemu dada yangu, iko kwa kambi ya wakimbizi Uganda. Miaka mbili naomba awe mutoto wangu kwa karatasi.

Leo mama wa sosyal, ule wa serikali mwenye kuchunguza familia, akafika hapa mutaani Lumumba kuuliza majirani kama mimi ni mutu muzuri.

Jirani akaruka mbele: «Huyu? Anauzisha watoto kwa wazungu! Na ule wa Uganda atamuuzisha!»

Mama akaandika yote.

Lakini muniulize jirani alikuwa amesimama wapi. Kwa mulango yangu! Alikuja kubeba watoto wake wawili, wako kwangu tangu asubui, midomo imejaa maharagi.

Mama wa sosyal akawaangalia. «Hawa ni wa nani?»

«Ni wangu,» jirani akasema.

«Ukienda soko, unawaachiaka nani?»

Kale katoto kake kadogo kakanionyesha na kidole, kakajibu: «Mama Esta! Kila siku!»

Mama akaandika na hiyo.

Weye jirani, najua unasoma. Kesho leta watoto, wao hawana kosa. Lakini weye uishie kwa barabara. Kitanda ya Neema nimeshatandika, na mudomo yako haitaitandua.

Wapendwa, siye tunafanyaka nini na mutu kama huyu?