Nilivyombishia Mwalimu Kerubo Habari za Mwezini

Naona aibu kuandika haya. Mwezi jana tulikwenda Ekerenyo, mimi na wenzangu wa kanisani, kumjulia hali Mwalimu Kerubo, aliyetufundisha sayansi. Siku hizi hatoki kitandani, kifua kinamsumbua. Nikaona nimchangamshe. Nilimwonyesha video kwenye simu, nikasema kwa sauti, "Mwalimu, ulitudanganya! Hakuna mtu aliyefika mwezini. Tazama, bendera inapepea, na kule hakuna upepo."

Wenzangu wakacheka. Nikajiona msomi.

Mwalimu aliitazama mpaka mwisho. "Omwenga, bendera hiyo ina ufito kwenye pindo la juu ili isilale. Inatikisika kwa sababu anayeisimika anaitikisa. Akiiachilia, hakuna hewa ya kuituliza upesi."

"Hayo hukutufundisha," nikamjibu huku nikicheka.

"Niliwafundisha. Wewe mwenyewe uliomba kuja ubaoni uwaeleze wenzako, na ukaeleza vizuri."

Akakohoa sana, bintiye akamshika mgongo. Kisha akageukia ukutani.

"Miaka yote hii," alisema polepole, "nilidhani angalau wewe ulielewa."

Hakuna aliyecheka tena. Bintiye alinitazama, akaenda kunifungulia mlango.