Orodha ya Mwalimu Kanyiva

Kabla ya kuketi mahali popote, Mwalimu Kanyiva alitafuta kwanza mlango ulipo, kisha akageuza kiti kuuelekea. Alifanya hivyo kanisani, alifanya hivyo hotelini, na alifanya hivyo hata katika maktaba ninayofanyia kazi katikati ya jiji, ambako meza zote zimepangwa kutazama dirisha. Wengine walidhani ana maringo. Ukweli ni kwamba alikuwa amefundisha miaka kumi na tisa katika darasa la watoto wenye mahitaji maalum, kwenye shule moja ya msingi kule Riruta, na katika darasa la namna hiyo mtoto anaweza kutoka kimya kimya na kufika barabarani kabla hujamaliza kufuta ubao.

Alinijia mara ya kwanza Jumanne moja ya Februari, akiwa ameomba ruhusa shuleni. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, sweta ya kijivu iliyofungwa vifungo vyote licha ya joto, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alinipa ile karatasi kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi barua ya msiba.

Ilikuwa orodha ya marejeleo thelathini na moja. Alikuwa akisomea shahada ya elimu maalum wakati wa likizo za shule, na utafiti wake ulihusu jinsi watoto wenye ulemavu wa akili wanavyojifunza kujihudumia. Msimamizi wake, Daktari Okinyi, alikuwa amempa wiki tatu amletee fotokopi ya ukurasa wa kwanza wa kila chanzo alichokitaja. Asipoleta, angepelekwa mbele ya kamati ya nidhamu, na mwajiri wake angeandikiwa. Mwalimu Kanyiva aliamini kwamba mwajiri akishapata barua hiyo atamfuta kwenye sajili ya walimu, na baada ya hapo hataruhusiwa kusimama mbele ya darasa lolote nchini.

Tulianza kutafuta. Rafu za elimu maalum kwetu ziko ghorofa ya pili, mwisho kabisa, karibu na choo, na ni chache. Siku hiyo tulipata vitabu sita. Makala tisa nyingine nilizipata kwenye kompyuta. Kisha nikafika namba kumi na saba, nikadhani nimesoma vibaya. Ilihusu ukaguzi wa nyama katika machinjio. Namba kumi na nane ilihusu maji taka ya machinjio hayo hayo, ya Dagoretti.

Nilimuuliza hii ina uhusiano gani na watoto wake. Vidole vyake vilianza kufungua na kufunga kifungo cha juu cha sweta, na nikaelewa kwamba swali hilo hilo alikuwa ameshaulizwa na Daktari Okinyi.

Alinieleza polepole, akitazama mlango. Utafiti wote aliuandika kwa mkono wake, kutoka kwenye madaftari aliyokuwa akiyajaza darasani kila siku. Vitabu alivyosoma vilikuwa vinne. Hakuwa na muda wa zaidi. Maktaba ikifunguliwa yeye yuko darasani, na akitoka darasani yuko na mama yake mgonjwa. Basi akapeleka maandishi kwa kijana anayeitwa Fidel, mwenye saiba, duka la kompyuta, karibu na barabara yenye magari mengi pale mjini, ambaye huwachapia wanafunzi kazi zao. Fidel alihesabu vyanzo vinne akacheka.

"Mathe, hii na marejeleo nne itarudishwa mbio," alimwambia. "Wewe enda ufunze watoto. Hii wacha nikupangie."

Akampangia. Fidel alikuwa na kazi za wanafunzi wengi ndani ya kompyuta yake, akachota kwenye moja na nyingine, na mojawapo ilikuwa ya mwanafunzi wa afya ya umma. Mwalimu Kanyiva aliona kurasa tatu zimejaa majina, akafurahi, akaziba bahasha. Hakuzisoma.

Wiki zilizofuata alimwacha mama yake kwa jirani, akaja kila Jumamosi, na siku nyingine jioni, dakika ishirini kabla hatujafunga. Sijawahi kuona mtu akiogopa kwa namna ile, bila kelele, kama mtu aliyebeba sufuria iliyojaa mafuta ya moto. Simu ikilia kwenye meza yoyote, alishika mkoba. Siku moja Daktari Okinyi mwenyewe alipita kurudisha kitabu, na Mwalimu Kanyiva akainama chini ya meza kana kwamba ameangusha kalamu, akakaa huko mpaka viatu vya mtu yule vikaondoka. Alipoinuka alijaribu kucheka. "Nimekuwa kama mtoto wa darasa la kwanza, Madam," alisema. Mimi nilitabasamu lakini usiku ule nilimwota.

Tulipata vyanzo ishirini na viwili. Tisa vilibaki: vile viwili vya machinjio, na saba ambavyo havikuwa popote duniani, kwa maana Fidel alikuwa ameunganisha mwandishi wa huku na kichwa cha kule.

Siku nne kabla ya tarehe, aliniomba jambo ambalo nilikuwa nalingoja kwa hofu. Sisi tuna fomu ya vitabu vilivyoondolewa rafuni kwa uchakavu. Mkutubi akiandika kwamba kitabu kilikuwapo na hakipo tena, akapiga muhuri, hakuna anayeuliza. Alitaka vile saba viingie kwenye fomu hiyo. Vya machinjio angesema ni kosa la uchapaji.

Nilimwambia nitafikiria. Muhuri ulikuwa kwenye droo yangu, na kwa siku mbili sikuweza kufungua droo hiyo hata kutoa klipu. Niliogopa kupoteza kazi yangu. Niliogopa pia kwamba nikikataa, mwanamke huyu ataniangukia hapo hapo kati ya rafu. Asubuhi ya tatu niliomba ruhusa nikaenda Riruta.

Darasa lake lilikuwa chumba cha mwisho, nyuma ya jiko la shule. Watoto kumi na wanne. Msichana mmoja aitwaye Joyline, wa miaka kumi na mbili, alikuwa akimimina maji kutoka jagi hadi kikombe, na chumba kizima kilikuwa kimenyamaza kumwangalia. Maji yalimwagika. Mwalimu Kanyiva alijaza jagi tena, akarudi nyuma hatua mbili. Mara ya sita kikombe kilijaa. Akachukua daftari akaandika tarehe na idadi ya majaribio.

Aliponionyesha kabati niliona madaftari thelathini na manane. Nilikaa kwenye kiti kidogo nikasoma saa nzima. Nilikuwa nimempitishia mikononi vitabu vingi katika wiki zile, na hakuna kilichojua alichokijua yeye.

Nilimwambia pale pale kwamba sitapiga muhuri. Nilimwambia apeleke vile ishirini na viwili, ambavyo kufikia wakati huo alikuwa amevisoma kweli, apeleke madaftari, na aseme habari ya Fidel kama ilivyokuwa.

Alirudisha daftari kabatini. "Unanipeleka kwa simba na unaniambia nibebe nyama," alisema.

Nilimsaidia kuyahesabu madaftari.

Alikwenda. Mbele ya kamati alisema kila kitu, na Daktari Okinyi, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliomba madaftari yakae kwake wiki moja. Utafiti ule ulifutwa. Aliruhusiwa kuanza mwingine mwaka unaofuata. Lakini barua kwa mwajiri ilitumwa vile vile, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa kanuni, na ikabidi angoje.

Alingoja kuanzia Aprili hadi Agosti. Aliendelea kuja Jumamosi, akisoma sasa bila kutumwa na mtu. Nilimtafutia ripoti za zamani, tasnifu zilizofungwa kwa kamba ghorofa ya chini, chochote chenye watoto kama wake. Alikonda. Aliniambia kila bahasha ya kahawia ikiingia ofisi ya mwalimu mkuu, hutafuta sababu ya kupita hapo asome jina lililoandikwa juu.

Jibu lilipokuja, lilikuwa onyo kali na uhamisho. Jina lake lilibaki kwenye sajili. Lakini Septemba angeripoti shule moja upande wa Mwingi, darasa la kawaida, watoto hamsini na sita, na Riruta hapakuwa na mtu aliyepangiwa kushika nafasi yake.

Alikuja kurudisha ripoti ya mwisho akiwa na begi la safari. Nilitaka kumwomba msamaha, sikujua niuanzie wapi, nikajishughulisha na kuangalia kama kurasa zote zimo.

"Ukurasa wa arobaini wamesema mtoto asiyeongea hawezi kufunzwa kungoja zamu yake," alisema. "Si kweli. Nimeandika hapo pembeni kwa penseli, Madam Rael. Najua hamruhusu. Usifute."