Uyoga Katika Uji wa Watoto wa Nyangezi

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa dawa hata moja. Masera, mtawa aliyeongoza kituo cha lishe pale Ibanda, mjini Bukavu, alinipa mizani ya kutundika, rundo la fiche, yaani kadi za watoto, na kalamu, akaniagiza nipime watoto mpaka waishe. Nilikuwa nimetoka tu shule ya wauguzi na nilidhani nitachoma sindano. Kufika saa sita nilikuwa nimepima watoto wengi, na karibu wote hawakulia. Hilo ndilo lililonitisha.

Masera alimshika mmoja mguu, akabonyeza kwa kidole gumba. Alipokiondoa, shimo lilibaki kama kwenye unga uliokandwa.

“Unaona kama iko munene,” akasema. “Ile ni maji. Nyama hakuna.”

Madaktari huuita ugonjwa huo kwashiorkor. Sisi Bashi tunauita bwaki. Ulimpata mtoto aliyeshiba bugali wa muhogo kila siku huku akikosa protini, yaani chakula cha kujenga mwili. Miaka ile ya Zaïre tuliutibu kwa maziwa ya unga yaliyotoka ng’ambo. Yakichelewa, hatukuwa na mengi ya kufanya.

Baadaye nilitumwa Nyangezi, chini ya Titulaire, yaani muuguzi mkuu wa kituo. Alikuwa mtu wa kanuni, abacost yake, lile koti la kiserikali la miaka ile, imefungwa vifungo vyote hata wakati wa joto. Mvua za mwaka huo ziliharibu barabara na maziwa hayakufika. Lakini mvua hizo hizo zilileta uyoga vichuguuni, ule mweupe mpana ambao kila mtu wa kule anaufahamu tangu utoto. Nikamwomba Titulaire tuutie kwenye uji wa watoto.

“Citoyenne,” akanijibu, yaani raia, kama wanawake wote tulivyoitwa enzi hizo, “mugonjwa anakuja hapa kutafuta dawa. Unataka tumupe kitu ya porini?”

Nilimweleza niliyofundishwa shuleni. Uyoga una protini kuzidi mboga nyingi za majani, ingawa haushindi maharagwe wala nyama. Una vitamini za kundi B, una potasiamu, una nyuzinyuzi zinazosaidia tumbo kufanya kazi, na mafuta yake ni machache. Peke yake hauponyi bwaki. Ila ukitiwa kwenye masoso, ule uji wa mahindi, soya na mtama, unaleta ladha ya mchuzi wa nyama, na mtoto aliyepoteza hamu ya kula anafungua kinywa. Alifikiri siku mbili, kisha akakubali kwa sharti moja: uyoga wa kichuguu tu, na si mwingine.

Tuliuanika juani, tukautwanga, tukauchekecha. Kijiko kimoja cha unga wake kiliingia katika kila bakuli, na uji ukachemka vizuri kabla ya kupakuliwa. Watoto waliokuwa wakigeuza uso sasa walimaliza. Niliandika uzito wao kwenye fiche kwa furaha, na nadhani ni furaha hiyo iliyonipotosha.

Kila Alhamisi nilifundisha akina mama. Siku moja mmoja wao aliuliza uyoga mzuri unatambulikaje. Ningepaswa kujibu kama alivyoagiza Titulaire. Lakini nilitaka kuonekana najua mengi, nikasema jambo nililolisikia utotoni: uyoga ulioliwa na wadudu hauna sumu. Nilisema nikiwa nimevaa blouse yangu nyeupe ya uuguzi, na hakuna aliyebisha.

Wiki mbili baadaye, asubuhi, walileta wagonjwa wawili kwa machela: Maman Furaha na mwanawe Bahati wa miaka mitatu. Maman Furaha alizaliwa Luberizi, kule bondeni kwenye mashamba ya mpunga, akaolewa kwetu mlimani. Uyoga wa huku hakuujua. Wote wawili walitapika na kuharisha mpaka hawakuweza kusimama. Tuliwatundikia serum, maji ya kuingiza mshipani, na Titulaire akatafuta gari la kuwapeleka Bukavu.

Alipomuuliza mama yule walikula uyoga gani, alijibu kwa sauti ndogo, “Nilichagua yenye wadudu ilikula.”

Titulaire alidhani anaweweseka. Ningeweza kunyamaza, na hakuna mtu angejua.

“Ni mimi nilimuambia,” nikasema.

Titulaire aliniambia tu nipande gari nishike chupa ya serum.

Docteur wa hospitali aliniita ofisini siku ya tatu. Macho ya Bahati yalikuwa yamegeuka manjano, ini limeumia. Nilitegemea kufukuzwa kazi.

“Mududu haiko mutu,” Docteur akasema. “Kitu inamushibisha mududu inaweza kuua mutoto. Sitakufukuza. Utarudi Nyangezi, utaambia bamama wote kama ulikosea. Kwa mudomo yako mwenyewe.”

Nilikaa kando ya kitanda kile kila siku. Nilimwambia Maman Furaha ukweli, kwamba nilifundisha jambo nisilolijua. “Nilikuamini sababu ya ile nguo,” akasema, akageukia ukutani. Siku ya tisa Bahati aliomba bugali. Nilitoka nje nikalia.

Alhamisi iliyofuata nilisimama mbele ya akina mama bila ile blouse, nikawaeleza yote. Wachache waliinuka wakaondoka. Kisha Maman Nsimire, mjane mzee aliyeokota uyoga maisha yake yote, akaja mbele.

“Weye unajua protini,” akasema. “Miye najua uyoga. Tufundishe wawili.”

Tangu siku hiyo hakuna kikapu kilichoingia jikoni bila yeye kukipitia. Akikuta uyoga mmoja asioujua, alimwaga kikapu kizima. Titulaire alimwekea kiti kando ya chake, heshima ambayo sikumwona akimpa mtu mwingine.

Miaka mingi baadaye nilihamishiwa Luberizi, kisha nikarudishwa Ibanda mpaka nilipostaafu. Kule Luberizi Maman Furaha alinitembelea alipokuja kusalimia kwao, akiwa na Bahati, kijana mrefu mwenye afya. Tulikula wali na maharagwe tukazungumza vizuri. Uyoga hakuwahi kuula tena, nami sikumshawishi.

Sasa vijana waliosoma lishe huja kuniuliza faida za uyoga. Nawaambia zote, na wao huniongezea nyingine: kwamba ukianikwa juani unapata vitamini D, jambo ambalo sisi hatukulijua. Ni chakula chema, na ningependa kiwe mezani kwa kila familia, kimepikwa kikaiva. Lakini wakiniuliza ni somo lipi nililofundisha vizuri kuliko yote katika kazi yangu, nawatajia Alhamisi ile niliposimama mbele ya akina mama nikasema nilikosea.