Eda Niliyoisubiri Pasiansi

Mume wangu alitoweka asubuhi, ziwani, pale Pasiansi, Mwanza, katika miezi ya baridi ambapo ukungu hulala juu ya maji mpaka jua lipande. Nasema alitoweka. Wengine wamesema alizama, wengine wamesema mamba, wengine wamesema alikimbia. Mimi nilikuwa jikoni nikikoroga uji, na sikuona lolote kati ya hayo.

Alikuwa fundi wa mabati. Kibanda chake kilikuwa Mirongo, akikata madebe na kutengeneza vibatari, ndoo na makarai. Baba yake alitoka Unyamwezi. Kwetu mimi ni Igoma, Wasukuma tuliosilimu tangu babu. Nilisoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo ninayoandika hapa ni yale niliyoyaona na kuyasikia, sina zaidi.

Kila siku kabla ya kwenda kazini aliteremka ziwani kuoga. Tulipooana nilimchemshia maji, akayakataa. Alisema maji ya moto ni ya wagonjwa. Hata baridi ikiwa ya kutetemesha meno, yeye alirudi anapiga miluzi, ngozi imesimama vipele kama kuku aliyenyonyolewa, akidai uji wake.

Siku ile uji ulipoa. Nilishuka kumwita. Juu ya jiwe alilozoea kuoga kando yake nilikuta shati na kaptura, vimekunjwa, kofia juu yake, na viatu vya tairi pembeni. Msuli mkuukuu aliokuwa akiogea haukuwepo. Sabuni ilikuwepo, kavu. Nilimwita mara nyingi. Halafu niliwaita wavuvi. Walikokota nyavu zao tangu asubuhi ile mpaka jioni ya pili, wakatoa sato, tope na matawi. Hapakuwa na damu wala kipande cha nguo.

Watu walikuja msibani. Turubai likafungwa, mikeka ikatandikwa, wanawake wakainjika masufuria ya wali. Wakaja na watani. Kwa wasiojua: Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na mtani akija msibani ana ruhusa ya kumkejeli marehemu, kuvaa nguo zake, hata kuzuia chakula mpaka apewe chake. Mtani wa mume wangu alikuwa Mzaramo, mpakiaji wa magunia ya pamba bandarini, mtu wa maneno mengi. Aliivaa ile kofia ya mume wangu, akatembea kwa mwendo wake, kifua mbele, akasimama katikati ya wanawake.

“Mnalia nini?” akasema kwa sauti ya mume wangu hasa. “Mimi sijafa! Niko Kisumu. Nimeoa mjane mwenye duka, ananichemshia maji ya kuoga!”

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nilicheka na mimi. Baada ya hapo niliweza kula.

Jioni shehe wetu aliniita mlangoni.

“Shikamoo, Shehe.”

“Marahaba, mwanangu. Maiti hatuna. Nani alimwona akizama?”

“Hakuna.”

“Wewe je?”

“Sikumwona.”

“Basi hukai eda. Wewe bado ni mke wa mtu. Tutasubiri muda ambao sheria inataka, miaka minne, na kama hapatakuwa na habari yoyote ya uhai wake, tutakaa mashehe tuamue.”

Mikeka ikakunjwa. Wanawake walibeba masufuria yao, wengine wali haujaiva. Jirani yangu mmoja alishika mkono wangu kuniaga. Hakujua kama aseme pole au aseme nini.

Nataka ieleweke nilichotaka. Nilitaka kukaa eda. Nilitaka kuvaa kaniki, kukaa ndani, kuacha manukato na hina, watu waje waniombee dua, niitwe mjane wa fulani. Nilijua moyoni kuwa hatarudi. Mtu anayekimbia mke haachi viatu. Lakini kujua kwa moyo si kuona kwa macho, na shehe aliuliza macho.

Miezi michache baadaye, nikiwa nachota maji, mwanamke mmoja aliniambia, “Mwenzangu, pole kwa aibu. Nasikia mumeo yuko Kisumu.”

“Nani amemwona?”

“Watu. Amemwoa mjane, tena ana duka.”

Niliposikia neno duka nikajua lilikotoka. Utani wa msibani ulikuwa umetoka Pasiansi ukazunguka mjini, ukapita sokoni na kwenye meli, na njiani kicheko kikadondoka, ukarudi kwetu ukiwa habari. Na habari ile ilifika kwa shehe. Mfanyabiashara mmoja aliapa kuwa ameisikia kwa watu waaminifu. Shehe akaniambia kuwa penye habari ya uhai hakuna cha kuhesabu. Kusubiri kwangu kulikuwa hakujaanza.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuja siku ileile, hata kukaa hakukaa.

“Sema ulimwona akizama,” alisema. “Mkono ulitokea, ukapotea. Basi.”

“Wifi, sikuuona mkono.”

“Nani atakukanusha? Samaki?”

“Hakuna.”

“Sasa unaogopa nini? Ndugu yangu anatukanwa mji mzima kwamba ametoroka. Wewe neno moja tu linakushinda!”

“Nikisema nilimwona, nitakuwa nimemuua mimi kwa mdomo wangu. Sitasema.”

“Una kichwa kigumu kama jiwe la Mwanza,” akasema, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake nilikwenda bandarini. Yule mtani aliponiona alitua gunia lake.

“Shemeji! Umekuja kuniposa? Mbona hukuleta mshenga?”

“Nimekuja kukupeleka kwa shehe.”

“Toba! Nimeiba kuku wa msikiti?”

Nilimweleza yote. Alianza kwa kucheka, halafu akaketi juu ya gunia, akajifuta uso. “Lakini shemeji, ule ulikuwa utani. Kila mtu alijua ni utani.”

“Waliokuwepo walijua.”

Ijumaa baada ya swala alisimama mbele ya shehe na wazee. Mimi nilikaa upande wa wanawake, nasikia.

“Maneno ya Kisumu niliyasema mimi,” alisema. “Sijafika Kisumu. Sijui hata iko upande gani.”

Wazee wakaanza kucheka. Walikuwa wamezoea kucheka kila akifungua mdomo.

“Msicheke,” akasema. “Leo naomba msicheke.”

Aliapa. Yule mfanyabiashara naye akakiri kuwa hakumpata mtu yeyote aliyemwona mume wangu kwa macho yake. Shehe akasema habari imeanguka, na muda uhesabiwe tangu siku ile ya ziwani.

Nilisubiri. Nilikaanga maandazi nikauza. Miaka ile mji ulibadilika. Watu walikwenda mikutanoni, wanawake wakaimba barabarani wakidai nchi yao, na mimi niliimba nao mara kwa mara. Alikuja mwanamume mmoja mwenye baiskeli kuniposa. Nikamwambia mimi ni mke wa mtu.

“Yuko wapi huyo mtu?”

“Sijui.”

Alipanda baiskeli yake akaenda.

Muda ulipotimia ilipita miezi mingine kadhaa, kisha mashehe wakakaa, wakaniuliza upya kama nina habari yoyote. Nikasema sina. Wakaamua kuwa amekufa kwa hukumu ya sheria, nami niingie eda. Nililipokea neno hilo kwa shukrani, ingawa mpaka leo sijui kilichompata, na sijawahi kujifanya najua.

Kwa hiyo Uhuru ulinikuta ndani. Desemba ile Pasiansi nzima ilihamia barabarani. Ngoma zilipita, watoto na vibendera, na wenzangu wakaja dirishani.

“Toka, dada! Hata leo?”

“Hata leo. Nendeni, mje mnihadithie.”

Wifi yangu hakwenda nao. Tangu eda ianze alikuwa amehamia kwangu na mkeka wake, na hatukuwa tumezungumza lile la zamani. Siku hiyo, ngoma ziliposogea mbali, aliuliza polepole, “Kweli hukumwona?”

“Sikumwona, wifi.”

“Hata mkono?”

“Hata mkono.”

Aliitikia kwa kichwa. Akavuta khanga yake usoni, akaanza kulia, na mimi nikalia naye, kwa sauti, kama wanavyolia watu waliofiwa.