Sauti Itawekwa Karibuni

Alhamisi alasiri nilikuwa sokoni Isiolo nikijaribu viatu simu yangu ilipolia. Alikuwa shemeji yake Mwalimu, kaka wa mkewe, na hakuzunguka: "Mwalimu ametuacha asubuhi. Tumeshazika." Majirani zetu Waislamu ndivyo walivyo. Sisi tulioteremka kutoka Meru tungekuwa bado tunachagua kamati ya mazishi, wao wamekwisha kunawa mikono yenye udongo. Nilibaki nimevaa kiatu kimoja, muuzaji ananitazama. Wasomaji wangu, huyu mtu mnamjua bila kumjua. Kila nilipoandika hapa kuhusu visima vya Garbatulla au majina ya nyasi, nanyi mkaniandikia kunisifu kwa utafiti, sifa zilikuwa zake. Mimi nilizila tu, na sikuwahi kuwasahihisha.

Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, Mborana wa Garbatulla aliyehamia Burat. Wenzake walipostaafu walifungua maduka. Yeye alichukua simu yake yenye kioo kilichopasuka akaanza kuwatembelea wazee kuwarekodi: kisima kinachokaribia kukauka hujulikanaje, nyasi gani hunenepesha na ipi huua ndama, ng'ombe aliyevimba kiwele hutibiwa na nini. Alifungua tovuti. Alitaka kila mtu aingie bila kulipa, bila kujiandikisha, asikilize na achukue. Nilipomwambia auze, hata kwa bei ya chai, alinicheka. "Mwenye ng'ombe moja atanunua na nini?" Aliiita kazi hiyo sadaka yake. Aliamini kwamba elimu inayowafaa watu huendelea kumpa thawabu aliyeiacha hata akishalala kaburini, na aliliamini hilo kama alivyoamini kwamba jua litachomoza upande wa Garbatulla.

Siku moja alinichukua twende Gotu kwa bibi mmoja aliyesifika kwa dawa za mifugo. Mwalimu akatoa simu, bibi akaizuia kwa kiganja. Waliongea Kiborana, Mwalimu akawa ananitafsiria. Bibi alitaka kujua sauti yake itaenda kwa nani. Kwa kila mtu, akajibiwa. "Hata wale walichukua ng'ombe yangu?" Mwalimu, ambaye hakujua kudanganya hata pale uongo ungemsaidia, akasema ndiyo, hata wao. Lo! Nikajua safari imeharibika. Nikaanza kutafuta kofia yangu. Kisha bibi akaondoa kiganja. "Rekodi. Ng'ombe haina makosa." Akaeleza dawa ya kiwele mwanzo mpaka mwisho: mti gani, magome ya upande gani, yachemshwe vipi. Bibi huyo naye amefariki. Mimi nilikuwepo, nimekaa hatua mbili kutoka kwake, na ninachokumbuka ni maneno yake matamu tu. Mti ni upi sijui. Nilijiambia sina haja ya kuandika, si inarekodiwa?

Tatizo la Mwalimu lilikuwa ualimu. Hakuweza kuachilia kazi chafu. Nilimsihi apandishe zile sauti mtandaoni kama zilivyo, akakataa katakata. "Watu wasikie mzee anakohoa na mbuzi wanalia? Watasema Mwalimu alikuwa mchafu." Kwa hiyo alikaa na simu akikata kikohozi kimoja kimoja, na kwenye tovuti akatanguliza vichwa vya habari kwa mpangilio mzuri kama ratiba ya shule. Chini ya kila kichwa aliandika: sauti itawekwa karibuni. Mwaka huu alianza kuchoka, macho yakamsumbua, akaniomba niende na laptopu yangu ninakili kila kitu kilichomo kwenye simu. Nikasema Jumamosi. Jumamosi ilipofika nikasema ijayo. Kutoka kwangu hadi kwake ni mwendo mfupi wa bodaboda, sina hata barabara mbaya ya kusingizia.

Nilipokwenda kutoa pole, shemeji alinikaribisha vizuri, akaniletea chai ya maziwa. Baada ya kuulizana hali niliuliza simu iko wapi. Akanieleza kwa fahari kidogo. Nguo za marehemu walizigawa, na simu nayo wakaitoa sadaka kwa mwalimu wa madrasa asiye na simu, ili thawabu imfikie ndugu yao. Lakini kwanza waliipeleka kwa fundi akaifuta yote. "Simu ya mtu ni siri yake. Maiti inasitiriwa, sindiyo?" Nikamuuliza kuhusu sauti za wazee. "Hiyo haina shida. Alikuwa anasema ameweka kwa mtandao." Akatoa simu yake anionyeshe. Vichwa vya habari vikafunguka, vizuri, vyote. Akabonyeza kimoja, akabonyeza kingine, akashuka mpaka chini kabisa. Niliona mwenyewe uso wake ulivyobadilika, na nikatamani angenitukana.

Tulikwenda pamoja kwa fundi. Akatikisa kichwa. Tukaenda kwa mwalimu wa madrasa, naye maskini akataka kutupa simu papo hapo, lakini tayari ilikuwa imejaa picha za watoto wake na visomo vyake. Nimeudhika na nani? Familia ilifanya heshima. Fundi alifanya kazi aliyopewa. Nimeudhika na semina zetu za hotelini, ambako tunakula kuku na kuhubiri kwamba maarifa ya wazee sasa yako salama kwenye wingu la mtandao. Wingu lipi? Watu wetu wameamini kwamba kitu kikishaingia kwenye simu kimeshafika mtandaoni, na kikifika mtandaoni hakifi. Hakuna aliyewaambia tofauti. Nimejaribu kupanga safari ya kurekodi upya, nikaandika orodha ya wazee, nikaanza kupiga simu. Nilipofika jina la nne niliacha, kwa sababu kila aliyepokea aliniambia nimechelewa.

Juzi nilirudi Burat kumweleza mjane. Yuko edani, hivyo nilikaa barazani, yeye akazungumza nami kutoka nyuma ya pazia la mlango. Nilimwambia tumetafuta kila mahali na hakuna kilichobaki. Akauliza, bila hasira yoyote: "Mwalimu alikuwa anasema hiyo kitu ni ya watu wote. Sasa kwa hao watu wote, nani alikuwa nayo?"

Nilimjibu ukweli, kwamba hakuna. Kitu hakiwi cha wote kwa sababu mwenyewe ametangaza ni cha wote. Kinakuwa chao siku mtu wa pili anapokichukua. Mtu wa pili aliyeombwa ni mimi, mama, nikamwambia, na sikwenda.