Sanduku Lililovishwa Mahameli

Mtaani walimwita Mama Pindo kwa sababu ya mkono wake. Suruali akishaikunja pindo yeye, hata uigeuze ndani nje huoni sindano ilipopita. Chumba cha mbele alikifanya cha kushonea. Katika viwili vya nyuma aliishi na binti yake wa miaka minne, Kidoti, na mama mkwe wake. Mumewe aliendesha lori la safari ndefu. Nyumbani alionekana siku mbili tatu kwa mwezi.

Mama mkwe alikuwa hasemi. Mwaka uliopita alipasuliwa koo, akarudi mzima, ila sauti ikabaki huko huko hospitali. Maneno hayakumwishia. Alijitwalia chaki ya kuchorea nguo na kipande cha kitambaa cheusi, akawa anaandika anachotaka, kisha anakipangusa kwa kiganja. Akihitaji mtu upesi, alipiga makofi matatu.

Siku za mwisho kabla ya upasuaji, Mama Pindo alimrekodi akimsimulia mjukuu wake hadithi, moja baada ya nyingine, zikafika ishirini na tatu. Simu iliyorekodi ilikuja kutumbukia kwenye ndoo. Flashi yenye nakala ilifuliwa ndani ya mfuko wa aproni. Zikabaki kwenye laptopu moja kuukuu, nayo ilikuwa imeanza kuganda na kugugumia. Kila ikigoma kuwaka, Mama Pindo aliwaza: Hii ikizima jumla, Mama atakuwa amenyamaza mara ya pili.

Ndipo akaenda kwa muuza vipuri vya kompyuta, aliyejulikana kwa jina la Skrubu kwa kuwa muda wote alikuwa na skrubu moja midomoni, kama wengine wanavyotafuna kijiti.

"Nataka sanduku la kukaa nyumbani, kaka," Mama Pindo alimwambia. "Litunze sauti na picha zetu, na kila simu ya mle ndani izisikie bila kuchomeka waya."

"Unataka seva hiyo, dada'angu. Umefika penyewe!" Skrubu alivuta sanduku lenye ubavu wa kioo na taa za rangi tatu. "Cheki hii. Prosesa ya nguvu, kadi ya michezo, feni nne. Inapaa!"

"Mimi sitaki ipae. Nataka ikae."

"Lakini taa umeziona?"

"Nimeziona. Sasa nisikilize. Mtu akiniletea kitambaa cha mfuko wa daftari, simshonei gauni la bibi harusi. Niambie kipi kinatunza na kipi kinaringa."

Skrubu alicheka nusura ameze skrubu yake. Akairudisha ile ya taa, akashusha kompyuta ya ofisini iliyotumika, nyeusi, isiyo na mapambo. Prosesa yake ndogo inatosha, alisema, maana kazi ni kupokea na kutoa tu. Rami, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, akaongeza kidogo. Kwenye kisanduku cha kuingizia umeme akakaza uso: "Hapa usinibanie, chukua kipya. Umeme mbovu unaua vyote kwa mpigo." Halafu diski mbili. Kila kitakachowekwa kitaandikwa kotekote kwa pamoja. Moja ikifa, nyingine inabaki nacho.

"Kama kupitisha mshono mara mbili," alisema Mama Pindo.

"Hivyo hivyo."

Akatoa diski mbili kwenye katoni moja. Mama Pindo akazigeuza, akaona namba zake zinafuatana. "Hizi pacha?"

"Zimetoka kiwandani siku moja."

"Basi nipe moja ya hizi, ya pili itoe katoni nyingine."

"Kwa nini tena?"

"Sindano za pakiti moja nazijua. Ikivunjika moja Jumatatu, Alhamisi umeshikilia pakiti tupu."

Skrubu aliitoa skrubu mdomoni, jambo ambalo halikuwa la kawaida yake. "Nani kakufundisha hayo?"

"Sindano."

Walivifunga vyote pale pale mezani. Wakati wa kuagana akamwonya: "Hiyo laptopu yako inahema tu. Ukianza kunakili, usiikatize. Ikizimwa katikati, siahidi kama itawaka tena."

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, sanduku likawekwa kwenye rafu kando ya ruta ya intaneti. Unakili ukaanza, hadithi ya kwanza, ya pili, polepole lakini unakwenda. Mama Pindo akashusha pumzi. Tatizo ni kwamba nyumbani kwake hakuna kilichokaa uchi: redio ilikuwa na kitambaa chake, televisheni chake, hata kopo la vifungo. Huku akisubiri, akapima sanduku, akakata mahameli nzito iliyobaki baada ya kuvisha kiti cha mteja, akashona vazi la kulienea pande zote, pindo halionekani.

"Umependeza," aliliambia, akarudi chumba cha mbele kwenye sare za shule.

Makofi matatu. Halafu matatu mengine, ya haraka.

Alimkuta mama mkwe ameweka kiganja juu ya sanduku, na kwa mkono wa pili amenyanyua kitambaa cheusi: LINA HOMA. Mama Pindo alilivua mahameli, joto likampiga usoni. Sanduku lilikuwa limejizima lenyewe. Laptopu nayo imeganda. Hata kishale hakisogei.

"Limekufa?" Kidoti aliuliza.

Alimpigia Skrubu, akamweleza kuwa sanduku limezima.

"Umelifanyaje?"

"Nimelivisha."

"Umelivisha nini?"

"Mahameli."

Kikasikika kicheko kilichoishia kwenye kikohozi. "Dada'angu, lile linapumua! Liache lipoe, ndipo uwashe."

Mama mkwe alilipepea kwa kile kitambaa chake nusu saa nzima. Lilipowashwa, hadithi ishirini na mbili zilikuwa salama. Ya ishirini na tatu iliingia nusu. Laptopu ilipozimwa na kuwashwa upya iligonga ndani mara tatu, ikatia giza, na haikuwaka tena.

Walikaa watatu kwenye mkeka. Mama Pindo akaifungua ile nusu kwenye simu, na sauti ya Mama ikajaa chumbani, nzito, yenye kicheko pembeni. Ilikuwa hadithi ya mwanamke aliyeshona blanketi la mto wa maji uliokuwa ukisikia baridi. "Akashona, akashona, hata akafika ukingoni. Akainama, aka—"

Basi. Hapo hapo.

"Nisamehe, Mama," alisema Mama Pindo, macho chini. "Ni mikono yangu hii."

Mama mkwe hakuandika. Alimvuta Kidoti, akanyoosha mikono hewani, akachomeka blanketi lisiloonekana upande huu, akachomeka upande ule, akapapasa katikati taratibu.

"Akaufunika!" Kidoti alipaza sauti. "Bibi, halafu?"

Bibi akaweka shavu juu ya kiganja, akakoroma bila sauti, mabega yakipanda na kushuka.

"Ukalala! Ukakoroma!"

Mama Pindo aligusa kitufe cha kurekodi, akasogeza simu karibu na mtoto. Mikono ya bibi ikaenda mbele, kidomo cha Kidoti kikafuata nyuma, mpaka mto ukaamka na joto lake.

Hadithi ilipohifadhiwa, mama mkwe aliokota chaki. USILIVISHE TENA, aliandika.

"Silivishi, Mama," alijibu Mama Pindo, akiifumua mahameli. Rafuni sanduku liliwasha vitaa vya diski zake mbili kwa pamoja, likiandika ya ishirini na nne.