Harusi Iliyoomba Neno la Siri

Nina duka dogo mtaa wa Bwiza. Tunachapa barua, tunapiga fotokopi, na asiye na intaneti nyumbani anakaa kwenye kompyuta yetu. Kompyuta zote zinapitia mashine moja niliyoificha chini ya meza, ambayo sisi wa kazi hii tunaiita proksi. Ni kama mlinzi wa lango: kila anayetaka kutoka kwenda kwenye intaneti anapita kwake, naye anamwuliza jina na neno la siri. Nisingekuwa nayo, mteja mmoja angepakua filamu na wengine wote wangebaki kutazama kioo kitupu.

Siku moja alinijia mama mmoja wa mtaa wa Cibitoke, muuza vitenge, mtu wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, aliyevuka kuja huku miaka mingi iliyopita akiwa na binti yake mgongoni. Nilimfahamu kwa sababu karatasi zote za yule binti zilichapiwa kwangu, tangu za shule hadi zile zilizompeleka Australia na shangazi yake. Sasa binti anaolewa hukohuko, na kanisa lao litaonyesha harusi moja kwa moja kwenye intaneti.

"Nina simu," aliniambia, "lakini kioo yake ni kidogo. Mi nataka kumuona mutoto muzima, kichwa mpaka viatu."

Jumamosi ya harusi nilifungua duka asubuhi mapema, maana Australia ilikuwa tayari alasiri. Alikuwa amenitangulia mlangoni. Amevaa kitenge kipya cha kijani, kilemba juu, na pochi ameishika kwa mikono miwili kama aliyefika kanisani kweli. Nilimpa kompyuta yenye kioo kikubwa, nikaandika anwani aliyotumiwa kwenye simu. Programu ya video ikafunguka, na mara tukaona viti vyeupe, maua, na migongo ya watu waliovaa suti.

"Yesu wangu," akasema. "Ni kanisa yao kabisa."

Kwaya ilianza kuimba. Mlango wa kanisa ukafunguka, tukaona ncha ya gauni jeupe, na papo hapo picha ikaganda. Katikati ya kioo likatokea dirisha la kijivu lenye nafasi mbili tupu.

"Banasema nini?"

"Wanaomba jina na neno la siri, Mama."

"Jina ya nani?"

"La anayetaka kutazama."

Alinyoosha mgongo. "Andika: mama ya bibi-harusi."

Niliandika hivyohivyo. Dirisha likapotea, likarudi lilelile. Akaniomba niandike jina lake la ubatizo. Likarudi. Tulimpigia shangazi wa binti, simu ikaita bila kupokelewa. Nani ashike simu wakati bibi-harusi anaingia?

Yule mama akaweka pochi mapajani. Sauti yake ilishuka. "Ni bale wakwe. Ni batu ya Kinshasa, banasoma sana. Hawajanipigia hata siku moja. Harusi ni ya waalikwa, mwanangu. Mi sikualikwa, nilizaa tu."

Sijui kama kuna maneno yaliyowahi kuniuma namna ile nikiwa kazini. Nilitaka kumshika mkono, lakini mkono peke yake usingemrudishia picha. Nikalisogelea lile dirisha na kusoma maandishi madogo ya juu, yale tunayoyapita kila siku bila kuyatazama. Hapakuandikwa jina la kanisa. Palikuwa na namba, na namba hiyo naijua: ni ya mashine yangu mwenyewe, ile ya chini ya meza.

"Mama, sikiliza. Siyo wao wanaokuuliza. Ni mlinzi wangu wa hapa dukani. Australia hawajui hata kama umezuiwa."

"Kweli?"

"Wallahi."

Niliandika jina na neno la siri la duka. Picha ikarudi, gauni likasogea hatua chache, kisha dirisha likatokea tena. Hapo nikaelewa. Video ya moja kwa moja haiji kama kitu kimoja, inakuja vipande vipande, na kila kipande kinaombwa upya langoni. Programu tunayosomea kurasa za intaneti inakumbuka neno la siri na kulitoa yenyewe, ndiyo maana mwanzoni tulipita. Hii ya video haikuwa inakumbuka chochote, kwa hiyo mlinzi aliuliza kila mara kana kwamba amekutana na mgeni.

Dawa ilikuwa kumwambia proksi kwamba kompyuta ile moja ipite bila kuulizwa. Niliinama chini ya meza na kibodi yangu, nikaongeza amri hiyo mwishoni mwa amri nyingine, nikaiwasha upya mashine. Dirisha likarudi.

"Bado?" aliuliza.

"Bado kidogo, Mama."

Nilirudi chini ya meza, nikazisoma amri zote tangu mwanzo. Ndipo nikakumbuka kwamba proksi husoma amri kuanzia juu, na ikikutana na inayomhusu mtu, haiendelei chini. Ilikuwa ikifika kwenye "muulize" kabla ya kufika kwenye "mwache apite". Nikaipandisha amri yangu juu ya ile nyingine. Nikawasha tena. Tukasubiri.

Picha ilipokuja, pete zilikuwa zimeshavalishwa.

"Ameolewa bila mi kuona," alisema, bila hasira. Akasogeza kiti karibu na kioo. Dirisha halikutokea tena.

Baada ya sala, mwanamke mmoja mrefu mwenye miwani alichukua kipaza sauti. Binti alimtambulisha kuwa mama mkwe wake. Alizungumza Kifaransa huku akitazama kamera, nami nikamtafsiria yule mama sentensi kwa sentensi. Alisema anamsalimu mama aliyezaa, ambaye njia haikumruhusu kufika. Akaonyesha kiti cha mbele kabisa. Hakuna aliyekikalia. Juu yake palikuwa na kitenge kilichokunjwa vizuri.

"Ile kitenge ni yangu," yule mama alinong'ona. "Nilimupa siku ya kuondoka."

Kisha binti akachukua kipaza sauti, akasema kwa Kiswahili chetu: "Mama, kama unaniona, simama."

Akasimama. Pale dukani, kati ya mashine ya fotokopi na rundo la karatasi, alisimama wima na machozi yakimtiririka, akapiga vigelegele hadi fundi magari wa jirani akaja mbio kuuliza kuna nini.

"Naoza mutoto!" alimjibu.

Fundi akafuta mikono kwenye ovaroli, akampa hongera, akabaki kutazama nasi mpaka kwaya ikamaliza.

Jumatatu kanisa liliweka video nzima, naye akarudi kutazama pete. Aliitazama sehemu ile mikono shavuni. Ilipokwisha alicheka.

"Kumbe mukwe wangu alitetemeka," alisema. "Kidole ya mutoto alikosa mara mbili. Huyo atamupenda."